Kiwanja Ni cha Nani? Historia Fupi ya Websaiti za Biashara Ndogo Kenya

Wasee, leo niko na stori ndefu kidogo, kwa hivyo weka chai karibu.

Senje yangu anafuma sweta za shule hapa Kipsongo, Kitale. Ana mashine mbili za kufuma, mabinti wawili wa kumsaidia, na wateja kuanzia hapa town mpaka Kiminini, Kimilili na Bungoma. Miaka michache iliyopita nilimtengenezea websaiti. Nilikuwa mwaka wa pili chuoni, najiona mtaalamu. Nikachukua jina zuri la .co.ke, nikaweka picha za sweta, namba ya simu na ramani. Senje alifurahi mpaka akaagiza lebo za kushona shingoni mwa kila sweta, na anwani ya websaiti imeandikwa chini ya jina la biashara.

Mwaka jana, wakati shule zinapanga oda za Januari, mwalimu mkuu wa shule moja upande wa Bungoma alisoma hiyo lebo akaiandika kwenye simu yake, mbele ya kamati ya shule. Ikafunguka kamari. Ukurasa mweusi, mpira unazunguka, namba zinang'aa, na maneno ya kukuambia uweke hamsini bob ushinde milioni. Oda ilienda kwa fundi mwingine. Senje aliambiwa kwa simu, kwa heshima, na hakuelewa ni nini kimetokea mpaka nikafika kwake jioni.

Kosa lilikuwa langu. Hilo jina nililisajili kwa imeli ya chuo. Karo iliponishinda nikaacha chuo, na imeli ya chuo ikafungwa kama kawaida. Ujumbe wa kunikumbusha kulipia jina ukawa unaenda kwa sanduku ambalo hakuna mtu anafungua. Muda ukaisha, jina likarudi sokoni, mtu nisiyemjua akalinunua. Mimi huku nikiwa naweka video za kufundisha watu jinsi ya kuomoka mtandaoni. Aibu.

Tangu hiyo siku nimekuwa nikisoma jinsi biashara ndogo za Kenya zilivyopata, na zilivyopoteza, mahali pa kukaa kwenye intaneti. Nilichokuta ni kwamba kosa langu lina historia ya karibu miaka thelathini, na watu wenye pesa kuniliko wamelifanya mbele yangu. Kila wiki mtu ananiuliza, "Nitumie jukwaa gani kujenga websaiti ya biashara?" Naona swali linaanzia katikati. Kwanza uliza kiwanja ni cha nani.

Kipsongo inajua hii kitu

Kama hujui Kipsongo, ni mtaa wa mabanda ulio ndani ya Kitale. Familia nyingi za kwanza hapa ni za Waturkana waliokuja kutoka kaskazini wakikimbia ukame, njaa na wizi wa mifugo. Wengine tulifuata baadaye, kila mtu na sababu zake. Mtoto yeyote aliyekulia hapa anajua tofauti ya nyumba na kiwanja. Unaweza kuwa na nyumba safi, umeikandika vizuri, mabati mapya, lakini kama huna karatasi ya pale ulipojenga, unalala ukijua kwamba siku moja mtu anaweza kuja na alama ya rangi nyekundu akachora ukutani.

Sasa chukua hiyo akili ya mtaa uipeleke mtandaoni. Websaiti ina vitu vitatu. Kuna jina, yaani domeni, ile anwani mtu anaandika. Kuna seva, ile kompyuta mahali fulani inayoweka picha na maandishi yako. Halafu kuna jukwaa, yaani programu unayotumia kupanga hivyo vitu vionekane vizuri. Jina ndilo kiwanja. Seva na jukwaa ni nyumba. Wengi wetu tunachagua nyumba kwa sababu ina rangi poa, na hatuulizi kiwanja kimeandikwa kwa jina la nani.

Mwanzo: .ke kabla ya Kenya kuwa na intaneti

Hii ilinishangaza. Ile herufi mbili za mwisho, .ke, zilisajiliwa mwaka 1993. Wakati huo huwezi hata kufungua websaiti ukiwa Nairobi. Waliosimamia walikuwa wawili: Dkt. Shem Ochuodho, Mkenya, akiwa upande wa usimamizi, na Randy Bush, Mmarekani, upande wa ufundi. Walifanya hiyo kazi kwa kujitolea. Huduma kamili ya intaneti ilianza nchini mwaka 1995 kupitia kituo cha ARCC, ambacho huyo Ochuodho alikuwa anakiongoza.

Fikiria: kwa miaka kadhaa, sajili ya majina yote ya nchi ilitegemea nia njema ya watu wachache, na mtambo ukiwa nje. Hakuna mtu alikuwa mbaya hapo. Lakini nchi ikaona kwamba kitu kama hicho kinahitaji taasisi. Mwaka 2002 ikaundwa KeNIC, kituo kinachoshirikisha serikali na sekta binafsi, na usimamizi wa .ke ukahamia kwake. Kuanzia hapo, mtu wa Kitale akitaka jina la .co.ke analipata kwa wakala aliye hapa nchini, kwa sheria za hapa nchini. Mwaka 2017 wakafungua pia majina mafupi yanayoishia .ke tu.

Kwa hivyo swali la kiwanja lilijibiwa mapema, na kwa ngazi ya nchi. Shida ni kwamba mama wa duka hakuambiwa. Miaka hiyo intaneti ilikuwa ya setilaiti, pole pole na bei ya juu, na Telkom Kenya kupitia Jambonet ndiyo ilikuwa mlango wa kutokea nje. Kwa mtu wa kawaida intaneti ilikuwa saiba, unalipa kwa dakika, unasoma imeli haraka, unatoka. Websaiti ilikuwa kitu cha benki, hoteli za watalii na mashirika. Fundi wa sweta alikuwa na kibao cha mbao na rangi.

Huko nje: mashamba ya bure

Wakati sisi tunalipa kwa dakika, Marekani kulikuwa na kitu kinaitwa GeoCities. Kilianza mwaka 1994. Mtu yeyote angeweza kujenga ukurasa bure, bila kujua ufundi mwingi. Na walikipanga kama mji: unachagua mtaa, unapewa namba ya nyumba. Watumiaji wenyewe waliitwa kwa neno la Kiingereza la wale walowezi wa kale wa Marekani waliogawiwa mashamba bure. Angalia hilo neno vizuri. Watu waliamini wamepewa shamba.

Mwaka 1999 Yahoo ilinunua GeoCities kwa hisa zenye thamani ya dola bilioni 3.6 hivi. Miaka kumi baadaye, Oktoba 2009, Yahoo ikafunga. Mamilioni ya kurasa yakaondolewa, mengine yakaokolewa na watu wa kujitolea waliokuwa wanakimbizana na tarehe. Wale wakaaji hawakuwa na kesi. Shamba lilikuwa la kampuni tangu siku ya kwanza, na masharti yalisema hivyo, ila nani husoma masharti?

Katikati ya hiyo miaka ndipo yalizaliwa majukwaa ambayo mpaka leo tunayabishania. Mwaka 2003 Matt Mullenweg na Mike Little walitoa WordPress, programu huria: unaichukua bure, unaiweka kwenye seva yoyote, na hakuna anayeweza kukunyang'anya. Mwaka huo huo Anthony Casalena, mwanafunzi wa chuo, akaanza Squarespace. Mwaka 2006 ikaja Wix kutoka Israeli, na mwaka huo huo Shopify kutoka Kanada. Ya Shopify naipenda: Tobias Lütke na wenzake walikuwa wanataka kuuza mbao za kuteleza kwenye theluji, wakakosa jukwaa la kuwaridhisha, wakajitengenezea lao, halafu wakagundua jukwaa lina soko kuliko zile mbao.

Ukiangalia vizuri, kuna familia mbili hapo. Familia ya kwanza, ya WordPress huria, inakupa mawe na simiti ujenge mwenyewe popote. Familia ya pili, ya Wix, Squarespace na Shopify, inakukodisha nyumba iliyokamilika, na maji na stima ndani. Kukodi si dhambi. Nusu ya Kitale tunakodi. Lakini mpangaji mwerevu anauliza kabla ya kuingia: siku nikihama, natoka na nini?

2009 mpaka 2013: zamu yetu

Kwetu mambo yalibadilika kwa haraka. Machi 2007 ikaja M-Pesa. Mwaka 2009 nyaya za chini ya bahari, TEAMS na SEACOM, zikafika Mombasa, na bei ya intaneti ikaanza kushuka. Simu za bei nafuu zikaingia. Ghafla mtu wa biashara ndogo akawa na njia ya kuonekana na njia ya kulipwa.

Hapo ndipo kuna stori ambayo vijana wengi wa umri wangu hawaijui, na mimi sikuijua.

Mwaka 2010 kampuni inaitwa Mocality, chini ya Naspers ya Afrika Kusini, ilianza kutengeneza orodha ya biashara za Kenya. Orodha rasmi ya maana haikuwepo, kwa sababu biashara nyingi hapa hazina hata anwani ya posta. Kwa hivyo Mocality ikawalipa Wakenya wa kawaida, kwa M-Pesa, watembee mitaani na kuandika: huyu ni kinyozi, yuko hapa, namba yake ni hii. Duka kwa duka. Walifikisha biashara zaidi ya laki moja, na kila biashara ilipata ukurasa wake mdogo.

Septemba 2011, Google ikazindua mpango wake hapa, Getting Kenyan Businesses Online, kwa kifupi KBO, ikishirikiana na Safaricom, Equity Bank na KeNIC. Ofa ilikuwa moto: websaiti bure unayojijengea kwa dakika chache, na jina la .co.ke bila malipo mwaka wa kwanza. Kwa biashara nyingi ndogo hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kusikia neno domeni.

Halafu Mocality wakaanza kupigiwa simu na wateja waliochanganyikiwa, wakiuliza kuhusu websaiti ambazo Mocality haiuzi. Wakaangalia rekodi za seva zao. Wakaona mtu anafungua kurasa za biashara moja baada ya nyingine, kutoka anwani za mtandao za Google. Wakaweka mtego: wakabadilisha namba za simu kwenye baadhi ya kurasa, ili huyo mtu akipiga, ipokelewe na watu wa Mocality wenyewe. Simu zikaja. Waliopiga walikuwa wanauza mpango wa Google, na wakadai kwamba unafanywa pamoja na Mocality. Haukuwa.

Januari 2012 mkuu wa Mocality, Stefan Magdalinski, akaanika kila kitu hadharani. Google haikukana. Makamu wa rais wake, Nelson Mattos, alikiri kwamba watu waliokuwa wakifanya kazi kwenye mradi wa Google walitumia data ya Mocality isivyofaa na kupotosha kuhusu uhusiano wa kampuni hizo mbili, akaomba msamaha. Stori ikazunguka dunia siku chache. Mwaka uliofuata, 2013, Mocality ikafungwa. Na KBO nayo haipo tena.

Mimi sikuleti hii stori ili tuseme nani mbaya. Nataka tuangalie upande wa kinyozi. Mwaka 2010 mtu alikuja na daftari akamwandika kwa orodha. Mwaka 2011 mwingine akampigia akampa websaiti bure. Kufika katikati ya muongo, orodha imefungwa na mpango wa bure umepita. Yeye hakukosea popote. Alikubali kila alichopewa. Lakini kampuni mbili ziligombania namba yake ya simu, na kinyozi hakuulizwa. Waliobaki na faida ni wale wachache ambao, mwaka wa bure ulipoisha, waliendelea kulipia jina lao la .co.ke na kuliandika kwa jina lao. Nyumba zilibomoka, kiwanja kikabaki mkononi.

Halafu tukahamia kwa wakubwa

Baada ya hapo wengi waliacha kabisa mambo ya websaiti. Ya nini, na Facebook iko? Baadaye Instagram, halafu Januari 2018 ikaja WhatsApp ya biashara, na mwaka uliofuata ikaongezwa katalogi ya bidhaa. Upande wa malipo, Lipa na M-Pesa ilikuja 2013, na mwaka 2017 Safaricom ikafungua Daraja, mfumo unaowezesha programu za watu wengine kuunganishwa na M-Pesa. Soko likahamia kwa simu, na soko likihama, muuzaji anafuata. Hiyo ni akili, si ujinga.

Lakini hesabu ya kiwanja haikubadilika. Angalia:

Mwaka 2019, OLX, ambayo Wakenya wengi waliizoea kuuza vitu, iliuza biashara yake ya hapa kwa Jiji. Jina ambalo watu walilijenga vichwani kwa miaka likapotea.

Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika dunia nzima kwa takriban saa sita, kwa sababu ya kosa lao wenyewe la kupanga mitambo. Kama duka lako lote lilikuwa huko, ulifunga duka bila kupenda.

Novemba 2024, wakati wa mtihani wa KCSE, Telegram ilizibwa nchini kwa sababu ya udanganyifu wa mitihani. Kuna watu wanauza viatu huko, hawana habari na mtihani wa mtu.

Na hii ndiyo inafanana na GeoCities kabisa: kuanzia 2017 Google iliruhusu biashara kutengeneza websaiti ndogo ya bure moja kwa moja kutoka kwa ile akaunti inayokuweka kwenye ramani. Anwani iliishia business.site. Ilikuwa rahisi na safi, na biashara ndogo nyingi zikaichukua. Machi 2024 Google ikazifunga zote. Mtu akibofya anwani ya zamani alipelekwa kwa wasifu wa biashara kwenye ramani, mpaka tarehe 10 Juni 2024, halafu baada ya hapo hakuna kitu. Aliyekuwa na domeni yake juu ya ile websaiti alihitaji tu kuielekeza kwingine. Aliyechapisha anwani ya business.site kwenye kadi na mabango alianza upya.

Miaka thelathini, na kila mara aliyepewa bure ndiye anaondolewa kwanza. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi.

Sasa, uchague nini?

Msinielewe vibaya. Sitakuambia tupa Facebook. Wateja wako wako huko, na duka bila watu ni stoo. Nachosema, kutokana na hii historia yote, ni kwamba uchague kwa mpangilio huu.

Kwanza jina. Kabla hujafungua akaunti yoyote ya kujenga websaiti, sajili domeni kwa jina la mwenye biashara, kwa imeli ya mwenye biashara, kwa namba ya simu ya mwenye biashara. Si ya fundi, si ya mpwa, si ya chuo. Jina la .co.ke ni kama ngiri moja na kitu kwa mwaka, inategemea wakala, na wengi wanapokea M-Pesa. Na tuwe wakweli: hata hiyo si hati miliki. Ni kama leseni ya kibanda sokoni, unalipa kila mwaka, na ukisahau unatolewa. Tofauti ni kwamba ukilipa, hakuna kampuni ya ng'ambo inayoamua Jumanne moja kwamba imechoka na wewe.

Pili, uliza utatoka vipi. WordPress huria inakuruhusu kubeba kila kitu, maandishi, picha na yote, ukahamia seva nyingine. Ndiyo maana zaidi ya asilimia 40 ya websaiti zote duniani zinaitumia. Squarespace inakuruhusu kutoka na baadhi ya vitu. Wix wenyewe wanasema wazi kwamba websaiti iliyojengwa kwao inakaa kwao. Ukiondoka unaondoka na domeni yako na picha zako, nyumba unaiacha. Hiyo si siri wala si uwongo, ni mkataba. Ukiujua mapema, sawa.

Lakini WordPress nayo ina gharama yake. Nyumba yako mwenyewe, paa likivuja ni lako. Lazima usasishe programu, lazima uweke nakala mahali pengine, na usipofanya hivyo wadukuzi wataingia. Kama huna mtu wa hiyo kazi na huna muda, kukodi kunaweza kuwa uamuzi bora. Senje yangu hawezi kuacha mashine aanze kusasisha programu. Ukweli ni huo.

Tatu, angalia pesa inalipwaje. Majukwaa mengi ya nje yanakata dola kwa kadi kila mwezi. Dola ikipanda, bili yako inapanda hata kama sweta hazijapanda. Na kadi ikikosa pesa siku moja, websaiti inalala. Piga hesabu ya mwaka mzima kwa shilingi, si ya mwezi kwa dola. Kwa duka kubwa lenye bidhaa mia na oda za kila siku, Shopify inaweza kujilipa. Kwa fundi mwenye bidhaa sita, unanunua lori kubebea gunia moja.

Nne, fungua hiyo websaiti kwa simu ya mteja wako. Si kwa laptopu yako. Chukua simu ya bei ya chini, bando ya ishirini bob, simama pale stendi ya Kitale, ufungue. Kama inachukua muda mrefu kuliko kumpigia mtu simu, mteja ameshaenda. Toa zile video za kujicheza zenyewe. Weka bei, picha tatu, namba, mahali ulipo.

Tano, mitandao mingine yote iwe barabara za kuja kwako. Kwenye Facebook, TikTok na WhatsApp weka jina lako la domeni. Barabara moja ikifungwa, mtu anajua nyumbani ni wapi. Hata kama domeni yenyewe kwa sasa inampeleka mtu moja kwa moja kwa WhatsApp yako, ni sawa. Kesho unaweza kuielekeza kwingine bila kubadilisha lebo hata moja.

Kuhusu lebo

Nimetaja lebo kwa sababu hapo ndipo stori yangu iliishia. Nilijaribu kulirudisha lile jina. Yule aliyelinunua hajibu imeli, na yuko ndani ya haki yake kwa sababu mimi ndiye niliyeliacha. Tukachagua jina jipya. Safari hii senje aliketi kando yangu, akatengeneza imeli yake mwenyewe, akaandika paswadi kwenye daftari lile analoandikia vipimo vya watoto, akalipa domeni kwa M-Pesa kutoka kwa simu yake. Meseji ya malipo ilipoingia, alinionyesha kama mtu anayeonyesha risiti ya shamba.

Websaiti yenyewe ni ukurasa mmoja wa WordPress. Picha, bei, namba, na kitufe cha kumpeleka mtu kwa WhatsApp. Nakala yake iko kwenye simu yangu na kwenye simu ya binti yake. Hakuna kitu cha kujivunia kwa macho.

Lakini kulikuwa na sweta 140 tayari zimefumwa, zote na lebo ya zamani shingoni. Huwezi kumvisha mtoto wa shule anwani ya kamari. Tulikaa jioni tatu, mimi, senje na wale mabinti, tunafumua lebo moja moja kwa wembe, pole pole usikate uzi wa sweta. Mimi nilikata uzi mara mbili, na senje akazirekebisha hizo mbili bila kusema kitu.

Usiku wa tatu akaniuliza, "Mwanangu, hili jina jipya, mwaka ujao linalipiwa tarehe gani?" Nikamwambia. Akachukua kalamu ya rangi akaiandika ukutani juu ya mashine, chini ya tarehe ya kodi ya nyumba.

Kama una mama, mjomba au rafiki ambaye ulimjengea websaiti, leo kabla hujalala muulize swali moja tu: hiyo domeni iko kwa imeli ya nani? Kama jibu ni lako, mrudishie kiwanja chake.